Diski ya Ami kutoka Wete

Niliipokea bandarini Malindi, Unguja, ndani ya kikapu cha ukili, imebanwa baina ya chupa ya asali na furushi la karafuu kavu. Diski ya kompyuta ya mezani, ya inchi tatu na nusu, GB 500, imeviringwa kipande cha kanga kuukuu, juu yake gazeti, juu ya gazeti kamba yenye mafundo matatu. Jioni Ami akapiga simu.

"Imefika?"

"Imefika Ami, shikamoo."

"Marahaba. Basi itie kwenye kompyuta ya mdogo wako. Mimi nishaifuta yote, hamna kitu humo."

Mdogo wangu ni binti yake, anayesomesha skuli moja upande wa Fuoni. Alinunua kompyuta ya mtumba, na muuzaji alikuwa keshaichomoa diski. Ami kwa upande wake alikuwa amefunga duka lake la Wete, Pemba, baada ya miaka minane: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, kuwajazia watu fomu. Diski imelala bure, mtoto anahitaji diski. Hesabu ya mwanafamilia yeyote ni nyepesi hapo, na mimi nikaijibu kwa wepesi huohuo: "Inshallah Ijumaa itakuwa tayari." Nilisema hivyo kabla sijafungua hata fundo moja la kamba. Ijumaa ilikuja ikapita.

"Dakika haikufika"

Nilimuuliza Ami aliifutaje. Akasema kijana wa jirani aliitia kwenye kompyuta yake akaifomati. "Kijana hodari yule. Dakika haikufika, kamaliza."

Maneno hayo mawili, dakika haikufika, yalitosha. Diski ya GB 500 ina baiti 500,107,862,016. Diski ya zamani kama hii, ikiwa nzima, huandika kiasi cha megabaiti 120 kwa sekunde inapoanza, na karibu na mwisho hushuka hadi 60 hivi, kwa sababu huanzia ukingo wa nje wa sahani inayozunguka ndani yake, ambako mzunguko ni mrefu, ikielekea ndani. Piga hesabu unavyotaka, utapata saa moja na nusu. Fomati iliyokwisha kabla chai haijapoa haikuigusa diski. Imegusa orodha ya faili tu. Ni kama karani wa kituo cha karafuu kufuta ubao wa hesabu na kuandika "ghala tupu", na magunia yote yamo ndani yamepangwa hadi darini.

Kwenye Windows kile kisanduku cha fomati ya haraka huja kimeshatiwa tiki, na watu wengi hawajawahi kukitoa. Ukikitoa, tangu Windows Vista ya mwaka 2007, fomati huandika sifuri diski nzima. Kabla ya hapo, katika Windows XP, hata ile fomati ndefu ilikuwa ikisoma tu kutafuta sehemu mbovu, haifuti. Ndiyo maana fundi aliyejifunza kazi zama zile na fundi wa leo wanaweza kubishana mchana kutwa juu ya fomati ndefu, na kila mmoja akawa mkweli kwa zama zake.

Ningeweza kuishia hapo, nikaandika sifuri na kumaliza kazi. Lakini nilitaka Ami aamini, maana neno la kijana hodari lilikuwa limeshakaa moyoni mwake. Na sitaficha, nilikuwa na udadisi pia.

Nikawasha kompyuta yangu ya zamani kwa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kutoka kwenye fleshi, nikaunga diski ya Ami, nikaendesha PhotoRec. Programu hiyo haina haja na orodha. Inapita sekta, yaani vipande vidogo vya diski, moja baada ya nyingine ikitafuta alama za mwanzo wa faili: picha za JPEG huanza kwa baiti FF D8 FF, faili za PDF huanza kwa herufi %PDF, na kadhalika. Ikiona mwanzo, inakusanya kinachofuata na kukiweka pembeni. Niliianzisha baada ya isha nikaenda kulala.

Niliporudi kutoka msikitini alfajiri, ilikuwa imeokoa faili zaidi ya elfu kumi na moja.

Nilifungua tatu. Ya kwanza ni nakala ya kitambulisho cha Mzanzibari cha mzee mmoja, mbele na nyuma katika ukurasa mmoja, imekaa upande kidogo. Pembeni kimeonekana kidole gumba kilichoshikilia kioo cha mashine, na juu ya kidole kingine pete ya fedha yenye jiwe la akiki. Pete ya Ami. Ya pili ni hati ya mauziano ya shamba, imetaja idadi ya mikarafuu, mipaka ya pande nne na majina ya mashahidi. Ya tatu ni barua ya talaka. Ukurasa mmoja, mistari sita, imechapwa vizuri, kichwa cha habari kimekozwa wino.

Nikafunga. Aina ya vilivyomo niliijua tayari, na kila faili ambayo ningeifungua baada ya hapo ingekuwa ni kuchungulia tu.

Amana

"Ami, vyote vimo."

"Vyote vipi?"

Nikamweleza kwa maneno. Sikumtumia picha hata moja, ingawa aliniomba mara mbili nimtumie aone. Nilimwambia nimeona pete yake. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Subhanallah. Watu waliniletea karatasi zao zile kwa kuniamini." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ile si diski yangu ile. Ni amana."

Tangu siku ile naitazama kazi hii kwa neno hilo. Diski ya nyumbani ina siri za nyumba moja. Diski ya duka la fotokopi ina siri za mji mzima, na hakuna hata mmoja katika wenyewe aliyepata kuulizwa kama karatasi yake ibaki humo. Mteja alilipia nakala akaondoka na karatasi mkononi. Hajui kwamba kivuli chake kimebaki nyuma.

Nikamuuliza tena kama kimo chochote anachokihitaji yeye. Mara ya kwanza alisema hamna. Sasa akakumbuka: faili ya madeni. Alikuwa akiwakopesha watu fotokopi na uchapaji mpaka msimu wa karafuu, na orodha ilikuwa kwenye jedwali la Excel. Wengine hawajalipa hadi leo.

Hapo ndipo PhotoRec inapokuonesha upande wake wa pili. Inakurudishia faili lakini haikurudishii majina, kwa vile majina yalikuwa kwenye ile orodha iliyofutwa. Nilikuwa na majedwali mia kadhaa, kila moja limeitwa herufi f na tarakimu nyingi. Nikaiambia kompyuta itafute neno "deni" ndani ya majedwali peke yake, ikaleta kumi na nne. Yote ni faili ileile, kila moja ya wakati wake, kwani kila alipohifadhi upya ile ya zamani iliachwa mahali pake. Nikalichukua lenye tarehe ya mwisho kabisa katika safu ya malipo, nikampelekea. Akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Huyu wa mstari wa tisa nilimsamehe. Nilisahau kumfuta."

Kipimo ambacho kilitakiwa kutangulia

Nakiri kosa la mpangilio. Kabla ya kuitembeza diski usiku kucha nilipaswa kuiuliza afya yake. Diski mbovu ikilazimishwa kusomwa saa nyingi inaweza kukufia mkononi, na utaratibu wa kufuata unajulikana: soma taarifa za afya kwanza, kisha nakili diski nzima mara moja, halafu ufanye uchunguzi wako wote kwenye nakala. Mimi nilianza na uchunguzi, na diski ikanistahimili kwa rehema ya Mungu tu.

Taarifa hizo diski inajiandikia yenyewe, huitwa SMART. Kwa Linux unazisoma kwa smartctl, na kwa Windows zipo programu za bure kama CrystalDiskInfo. Mistari ni mingi. Mimi hutazama minne. Namba 9, saa ilizokaa imewashwa: 21,900 na ushei. Ukigawa kwa saa kumi kwa siku na siku mia tatu kwa mwaka unapata miaka saba na zaidi, kwa hiyo Ami hakunidanganya juu ya umri. Namba 199, makosa ya mawasiliano: matatu, na hayo aghalabu ni waya mbovu, hayahusu sahani. Namba 5, sekta zilizohamishwa, yaani zilizokufa na kubadilishwa na za akiba: sifuri. Namba 197, sekta zinazosubiri hukumu: 24.

Ishirini na nne hiyo ndiyo iliyowahi kuifanya diski hii iitwe maiti. Binti yake Ami alikuwa ameshampigia picha skrini fundi mmoja wa mjini, naye akajibu neno moja tu: "Imekufa." Simlaumu sana; programu ilikuwa imeweka rangi ya manjano, na rangi ya manjano humtisha mtu.

Lakini tazama 24 na 0 zikiwa pamoja. Sekta inayosubiri ni sekta ambayo diski ilijaribu kuisoma ikashindwa, ila haijui kama sahani imeharibika au maandishi tu ndiyo yameharibika. Kila sekta huandikwa pamoja na alama za uhakiki. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, nusu ya maandishi huwa mapya, nusu ya zamani, na alama hazilingani na lolote. Diski ikija kusoma, inakataa. Sahani ni nzima kabisa; kilichopo juu yake ndicho hakisomeki. Diski haiwezi kutoa hukumu mpaka mtu aandike juu ya sekta hiyo upya. Ikiandikika na kusomeka, inaachiwa huru. Ikigoma, inahamishwa na namba 5 inapanda.

Hata hiyo 24 yenyewe ina siri yake. Diski nyingi za miaka ile zina sekta halisi za baiti 4096, ila hujitangaza kwa vipande vya 512, nane kwa kila moja. Kwa hiyo 24 ni majeraha matatu tu. Duka la miaka minane, Wete, bila ya UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika. Majeraha matatu ni machache.

Kwa hiyo kuifuta diski hii na kuipima ilikuwa ni kazi ileile moja. Kuandika sifuri kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho kungezika karatasi za watu, na palepale kungelazimisha kila sekta inayosubiri isimame mbele ya kadhi.

Usiku wa sifuri

Wanaosema diski lazima ifutwe mara thelathini na tano wanamnukuu Peter Gutmann, aliyeandika makala yake mwaka 1996. Miandiko ile 35 ilipangwa kwa aina nyingi za diski za wakati ule, na mwenyewe baadaye alieleza kwamba kuifanyia diski ya kisasa yote hakuna maana. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unakubali kupita mara moja kwa diski za sumaku. Mara moja ilinitosha. Kinachobaki ni zile sekta zilizohamishwa, ambazo mwandiko wa kawaida haufiki tena. Lakini namba 5 ilikuwa sifuri, kwa hiyo hapakuwa na pembe iliyofichwa. Ingekuwa ni diski ya SSD, isiyo na sahani ya kuzunguka, ningefanya vingine, kwani ile hujigawia maandishi inavyotaka na inafutwa kwa amri yake yenyewe.

Jambo la hatari hasa katika kazi hii ni kuandika sifuri kwenye diski isiyo yake. Linux huzipa diski majina yanayofanana, sda, sdb, na majina hayo yanaweza kubadilishana ukiwasha upya. Sijiamini saa tano usiku. Nilizima kompyuta, nikachomoa diski yangu kimwili nikaiweka juu ya kabati, nikawasha kwa fleshi. Ikabaki moja tu ya kuua. Watumiaji wa Windows wana diskpart, na hapo pia pana mtego: amri ya clean peke yake inafuta orodha tu, ni clean all ndiyo inayoandika sifuri kote.

Nikaanzisha dd, amri ya Linux ya kuandika diski nzima moja kwa moja. Megabaiti 118 kwa sekunde, 115, 112. Ilipofika asilimia sitini hivi, umeme ukakatika.

Nilikaa kizani nikacheka peke yangu. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa kiasi cha miezi mitatu bila ya umeme wa gridi, hawashtuki kwa saa mbili. Ila kwa diski ilikuwa ni kejeli: namponya mgonjwa wa kukatikiwa umeme kwa kumkatia umeme. UPS yangu betri yake imekwisha siku nyingi, na laptopu haikuwa msaada kwa sababu diski ya inchi tatu na nusu inataka volti 12, ambazo tundu la USB halina.

Ningeweza kuendelea kutoka ilipokomea. Nikaona bora nianze upya, kwani pale ilipokatikia huenda pamezaliwa jeraha la nne. Umeme ulirudi saa saba, nikaanza tena, na hadi kunakaribia adhana ilikuwa imemaliza.

Namba 197: sifuri. Namba 5: sifuri bado. Yote matatu yameachiwa huru.

Nikaendesha jaribio refu la diski yenyewe, karibu saa moja na nusu, ikafaulu. Nikaisoma yote tena kuhakikisha hakuna baiti isiyokuwa sifuri. Mwisho nikaipa PhotoRec tena. Faili zilizopatikana: 0. Hiyo nilimtumia Ami picha yake.

Ubishi

"Sasa itie," akasema Ami.

Nikamwambia nitaitia, lakini si kama diski kuu. Kompyuta ya mdogo wangu ipate SSD ndogo ya kuwashia, na hii iwe ghala: video za masomo, mitihani ya zamani, nakala za pili.

"Umeipima mwenyewe, imefaulu mwenyewe. Unaogopa nini tena?"

Swali zuri, na sikuwa na jibu la kumnyamazisha. Jaribio linasema ya leo. Saa 21,900 haziondoki kwa kuandika sifuri. Beringi za injini, vichwa vya kusomea, vyote vimezeeka na hakuna mstari wa SMART unaosema vitadumu mpaka lini. Pia pale ubao wa chini ulipogusana na vichwa palikuwa na weusi wa kutu, kama vyuma vyetu vyote vinavyokaa karibu na pwani. Niliufungua kwa bisibisi ya nyota nikausugua kwa raba ya penseli mpaka shaba ikang'aa. Utarudi. Nilimwambia mdogo wangu mwenyewe sharti moja: kitu kisichokuwa na nakala mahali pengine kisikae humu. Yeye alielewa upesi kuliko baba yake, ila SSD ameinunua kwa mshahara wa mwezi uliofuata, na kwa wiki tatu diski ya Ami ndiyo iliyokuwa diski kuu. Haikuniangusha. Sikulala vizuri wiki zile.

Kati ya mipangilio ya faili ambayo Windows inaijua, niliifomati kwa NTFS, sio exFAT. Sababu ni ileile ya umeme: NTFS ina daftari la kuandika kila badiliko kabla ya kulifanya, exFAT haina, na ikikatikiwa katikati ina hatari zaidi ya kupoteza mpangilio wake.

Kisha, siku nne baada ya kumkabidhi diski, nikiwa natafuta picha za harusi ya dada yangu kwenye diski yangu ya nje ya TB 1, nikakutana na folda ya recup_dir.1. Na ya 2. Na ya 3. PhotoRec ilikuwa imeweka mavuno yake hapo, nilipoiambia mwenyewe. Karatasi elfu kumi na moja za watu wa Wete, ambazo nilihakikisha kwa usiku mzima kwamba hazimo kwenye diski ya Ami, zilikuwa kwangu sebuleni, safi, zinafunguka kwa kubofya mara moja. Talaka ile pia.

Nimezifuta, na nafasi iliyo wazi naiandika juu kwa cipher, amri ya Windows. Inapita mara tatu, sifuri, kisha moja, kisha nasibu, na kwa waya wangu wa USB 2.0 wenye megabaiti thelathini kwa sekunde, GB 600 zitachukua saa kumi na saba hivi. Imeanza jana. Umeme umekatika mara moja.

Wakati nasubiri nilimpigia Ami kumwambia, maana ni amana yake. Akanisikiliza, akasema Mungu atusamehe sote wawili. Nami nikakumbuka jambo ambalo tangu mwanzo hatukulitaja: zile mashine kubwa za fotokopi za ofisini, nyingi zao zina diski ndani.

"Ami," nikamuuliza, "ile mashine uliiuza kwa nani?"